AJALI INA KINGA: Mhandisi wa barabara naye ni mganga

Methali isemayo kwamba ajali haina kinga imewafariji wafiwa wengi, na kwa kazi hiyo haina ubaya. Shida ni kwamba imetumiwa pia kufunika mengi. Mtoto wa darasa la pili anapogongwa mbele ya lango la shule, methali hiyo hutajwa matangani, wazee hutikisa vichwa, na wiki inayofuata magari huwa yanapita pale pale kwa kasi ile ile.

Leo, mpenzi msomaji, twataka kuwatazama watu wasioikubali methali hiyo: wahandisi wa barabara pamoja na wataalamu wa afya wanaoshirikiana nao. Huenda ukauliza lami na matuta vinatafuta nini katika ukurasa wa afya, uliozoea malaria, kisukari na shinikizo la damu. Jibu limo katika hesabu za Shirika la Afya Duniani, WHO. Kila mwaka watu wapatao milioni 1.19 hufariki barabarani kote ulimwenguni. Kwa walio na umri wa kati ya miaka 5 na 29, barabara ndiyo muuaji nambari moja, kuliko ugonjwa wowote ule. Hapa kwetu Kenya, katika mwaka 2023 pekee, zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha yao barabarani, na kundi kubwa zaidi kati yao lilikuwa la watu waliokuwa wakijiendea kwa miguu.

Lau maradhi yanayoua vijana kiasi hicho yangepatiwa chanjo, habari hizo zingetangazwa redioni asubuhi na jioni, na mvumbuzi wake angelakiwa kwenye uwanja wa ndege kwa ngoma na nderemo. Kinga ya ajali ipo tayari na imejaribiwa. Ila mara nyingi kinga yenyewe ni tuta, ukingo wa saruji au njia nyembamba ya waenda kwa miguu, na ni nani aliyewahi kulipigia tuta makofi?

Kimelea cha ajali

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba ajali huletwa na uzembe, basi. Dawa ikawa ni kuhubiri: dereva aonywe, mwenda kwa miguu aonywe, mtoto naye aonywe. Daktari Mmarekani, William Haddon, ni mmoja wa waliogeuza mawazo hayo. Mwaka 1966 alikabidhiwa uongozi wa idara mpya ya serikali ya Marekani iliyoundwa kushughulikia usalama wa barabarani, naye akaingia kazini na akili ya daktari wa magonjwa ya kuambukiza.

Hoja yake ni nyepesi. Kinachomjeruhi mtu ni nguvu ya mwendo inayouingia mwili kwa wingi kuliko mwili unavyoweza kustahimili. Ukipenda mfano wa malaria, nguvu hiyo ndiyo kimelea, na gari ndilo mbu. Sasa hakuna daktari anayeipiga vita malaria kwa kumkaripia mgonjwa. Maji yaliyotuama huondolewa, chandarua hutundikwa, na mtu akishaugua hupewa dawa mapema. Haddon vilevile aliigawa ajali katika nyakati tatu: kabla ya kugongana, wakati wa kugongana, na baada yake. Katika kila wakati aliuliza ni kitu gani kingeweza kubadilishwa katika mtu, katika gari, na katika mazingira. Hayo ni maswali tisa. Sisi Wakenya aghalabu huuliza moja tu, nalo ni "Dereva alikuwa amelewa?"

Ili uelewe kwa nini mhandisi hujali sana kasi, fanya hesabu ndogo. Pigo la gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa twaweza kulilinganisha na kuanguka kutoka kimo cha mita tatu na nusu hivi, yaani kama kudondoka kutoka paa la nyumba ya kawaida. Mtu ataumia, labda atavunjika mguu, lakini wengi hupona. Kwa kilomita 50, kimo hicho hufika karibu mita 10, sawa na kuanguka kutoka ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80 ni mita 25, yapata ghorofa ya nane. Mwendo haukufika hata mara tatu ya ule wa kwanza, ilhali kimo kimeongezeka mara saba. Ndiyo maana WHO yasema kwamba gari likitoka mwendo wa kilomita 50 hadi 65, hatari ya kufa kwa yule anayegongwa nalo huzidi mara nne na nusu. Dereva aliye kwenye usukani hata hahisi tofauti ya kilomita hizo 15.

Mtoto ana taabu zaidi. Kwa sababu ya kimo chake, boneti inayompiga mtu mzima kwenye paja humpiga yeye kifuani au kichwani. Isitoshe, mtoto mdogo bado hajaweza kukadiria vyema umbali na kasi ya gari linalomjia. Waweza kumfunza aangalie kulia, kushoto, kisha kulia tena, na ni vizuri umfunze, lakini huwezi kumwongezea miaka.

Shule za Dar es Salaam

Mfano mwema wa kinga hii hauko mbali. Uko kwa jirani zetu wa Tanzania, ambako shirika la Amend liliendesha mpango unaoitwa SARSAI katika shule za msingi jijini Dar es Salaam. Wanafunzi wengi wa jiji hilo, kama wa Nairobi na Mombasa, huenda shuleni kwa miguu, na barabara nyingi zinazopita karibu na shule hazikuwa na mahali pa wao kukanyaga. Upande mmoja mtaro, upande wa pili magari, katikati daladala na bodaboda.

Kazi ilianza kwa kuhesabu. Rekodi za polisi huwakosa majeruhi wengi, kwani mtoto aliyegongwa na pikipiki akavunjika mkono hupelekwa nyumbani au kliniki ya mtaani, na mambo huishia hapo. Kwa hivyo watafiti waliwaendea wanafunzi na jamaa zao, wakauliza ni nani aliyeumizwa barabarani, wapi, na namna gani. Zaidi ya watoto 12,000 waliingizwa katika hesabu hiyo. Shule zilizoonekana kuwa na majeruhi wengi ndizo zilizotafutiwa dawa.

Dawa yenyewe haingempa mtu fahari ya kukata utepe. Kulijengwa matuta ya kupunguza kasi, vivuko vikapakwa rangi, ishara zikawekwa, na njia za waenda kwa miguu zikatengwa na barabara kwa vigingi ili pikipiki na magari yasizivamie. Mahali pengine hata lango la shule lilihamishwa, watoto watokee upande wa barabara ndogo badala ya kumwagika kwenye barabara kubwa kengele inapolia. Nasaha kwa wanafunzi zilitolewa darasani pia, lakini baada ya barabara yenyewe kurekebishwa. Mpangilio huo ndio uliotupendeza hasa. Wengi wetu hufanya kinyume: kwanza twamfunza mtoto awe mwangalifu katika mahali pasipowezekana kuwa na uangalifu, kisha akiumia twasema hakusikia.

Shule tisa zilifanyiwa marekebisho hayo, na nyingine tisa zilizofanana nazo zikatumiwa kulinganisha. Walipohesabu upya, watafiti walikuta kwamba idadi ya watoto wanaojeruhiwa imepungua kwa kiasi cha asilimia 26, na kasi ya magari katika baadhi ya sehemu imeshuka kwa hadi asilimia 60. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la kitabibu linaloshughulikia kuzuia majeraha. Robo ya majeruhi, bila kuajiri polisi hata mmoja.

Na safari hii makofi yalisikika. Mwaka 2019 taasisi ya World Resources Institute ilipotoa kwa mara ya kwanza tuzo ya Ross kwa miradi iliyobadilisha maisha ya miji, karibu miradi 200 kutoka kote duniani ilikuwa imeshindania. Miongoni mwa mitano iliyofika fainali kulikuwa na magari ya angani yanayoning'inia kwenye nyaya mjini Medellín, nchini Colombia, mradi uliokwisha kupata sifa nyingi. Aliyeondoka na dola 250,000 ni SARSAI, mradi wa matuta na vigingi vya shuleni.

Kuhesabu kisichotokea

Kwa nini basi wahandisi wengi waliofanya kazi kama hiyo hawajulikani? Sababu moja ni kwamba ushindi wao hauonekani. Daktari wa upasuaji akiokoa mtoto, mtoto huyo ana jina, na mama yake atarudi hospitalini na kuku wa shukrani. Mhandisi akijenga kivuko, yupo mtoto ambaye hatagongwa mwaka ujao, lakini hakuna anayejua ni yupi, hata mtoto mwenyewe.

Sababu ya pili ni kwamba madai ya ushindi ni rahisi mno kubuni. Tuseme mahali fulani palitokea ajali nane mwaka mmoja, magazeti yakapiga kelele, bango likasimamishwa, na mwaka uliofuata zikatokea tatu. Je, bango limeokoa watu? Huenda sivyo. Huenda desturi ya mahali pale ni ajali tatu au nne kwa mwaka, na zile nane zilikuwa ni kisirani cha mwaka mmoja. Hata bila bango zingepungua. Ndiyo maana zile shule tisa nyingine za Dar es Salaam zilikuwa muhimu. Bila mahali pa kulinganisha, mtu anayekutangazia mafanikio ya usalama barabarani ni kama mganga wa mizizi anayejisifu kwa kutibu mafua: mgonjwa angepona tu.

Sisi huku hupenda kuisifu barabara kwa upana wake. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, ilistahili sifa nyingi ilizopata, maana ilifupisha safari za maelfu ya watu. Lakini mtu wa Githurai au Roysambu anayetaka kuvuka hutakiwa apande daraja refu, ashuke ng'ambo ya pili, huku anakokwenda anakuona mbele ya macho yake. Haishangazi kwamba wapo wanaokimbia katikati ya magari. Twaweza kuwaita wavivu. Mhandisi mwenye akili ya Haddon angeuliza kwanza ni kwa nini daraja liko mbali na kituo cha matatu, na mbona taa zake haziwaki usiku.

Ukuta na waya

Swedeni ilikwenda mbali zaidi. Mwezi wa Oktoba 1997 bunge la nchi hiyo lilipitisha azimio kwamba lengo la muda mrefu ni mtu yeyote asife wala kuumia vibaya barabarani. Wengi walicheka. Mwaka huo huo watu zaidi ya 500 walikuwa wamekufa katika barabara za nchi hiyo. Katika miaka ya hivi karibuni idadi imekuwa kama 200 na ushei, ingawa magari yameongezeka.

Silaha yao moja ilikuwa waya. Kuanzia mwaka 1998 walichukua barabara pana za mashambani, ambako magari yalikuwa yakigongana uso kwa uso, wakazigawa katika njia tatu: mbili za upande mmoja na moja ya upande mwingine, zikibadilishana kila baada ya mwendo fulani ili kila dereva apate nafasi ya kupita mwenzake. Katikati wakanyoosha waya mnene wa chuma. Vifo katika barabara hizo vilipungua kwa robo tatu au zaidi. Gari huugonga waya, bati hukunjamana, dereva hutoka akilaani. Yu hai, na ndiyo maana anaweza kulaani.

Nasi tunao mfano wetu, ingawa ulinunuliwa kwa bei ghali. Mteremko wa Salgaa, Sachangwan na Migaa, kwenye barabara ya kutoka Nakuru kuelekea Eldoret, uliua watu kwa miaka mingi. Malori yaliyoishiwa breki yalihamia upande wa pili na kuyavaa magari yanayopanda. Maombi yalifanywa pale, matambiko yakafanywa. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakafa. Ndipo mwaka 2018 barabara ilipopanuliwa na kuwekwa ukuta wa saruji katikati. Ukuta hauhubiri. Lori lililoshindwa na breki hubaki upande wake, na kosa la dereva mmoja haliwi tena kifo cha abiria wa basi zima. Walioujenga hatujui majina yao, na hatujapata kusikia wakitunukiwa chochote siku ya Jamhuri.

Lakini ukuta wa mahali pamoja haulindi mahali pengine. Mnamo Juni 30, 2023, pale Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafariki. Mahali ambapo barabara kuu imegeuka soko, ama soko lisogezwe na kulindwa kwa kizuizi, au magari yalazimishwe kupunguza mwendo kabla ya kufika.

Abiria naye ana dawa

Yuko Mkenya mmoja ambaye kazi yake ya usalama imebaki midomoni mwa watu, naye ni marehemu John Michuki. Akiwa Waziri wa Uchukuzi, kanuni zake zilianza kazi Februari 2004: matatu zifungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, na kila abiria awe na mshipi. Mshipi huo wa kupitia begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi Mswedeni aliyekuwa hapo awali akitengeneza viti vya kumrusha rubani nje ya ndege inayoanguka. Kampuni ya Volvo iliuingiza katika magari yake mwaka 1959 na kuwaruhusu wenzake wautumie bila malipo. Kutoka meza ya Bohlin hadi kiti cha matatu ilichukua miaka 45.

Sheria hulegea askari akigeuka. Kwa sababu hiyo wanauchumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, James Habyarimana na William Jack, walijaribu njia nyingine hapa Kenya. Katika matatu za safari ndefu walibandika ndani vibandiko vinavyomhimiza abiria asinyamaze dereva anapokwenda mbio. Madereva waliotunza vibandiko vyao waliingia katika bahati nasibu. Matatu zaidi ya 1,000 zilipewa vibandiko, na nyingine zikaachwa bila ili zilinganishwe. Madai ya bima kutokana na ajali yalishuka kwa nusu hadi thuluthi mbili katika zile zilizopewa. Baadaye kampeni hiyo ilienea kwa jina la Zusha, neno ambalo kila Mkenya wa mjini alielewa pasipo kamusi. Karatasi yenye gundi! Twakiri kwamba hatungeyaamini matokeo hayo lau zile matatu za kulinganisha hazingekuwapo.

Ukitaka tuta shuleni kwenu

Wazazi wengi huamua kujijengea tuta wenyewe kwa mawe na udongo baada ya mtoto kugongwa. Uchungu wao twauelewa, lakini wasifanye hivyo. Tuta kali lisilo na rangi wala ishara humwangusha mwendesha pikipiki usiku, na ambulensi hulipitia ikiwa na mgonjwa aliyevunjika mgongo. Miaka ya 1970 maabara ya barabara ya Uingereza ilijaribu matuta ya maumbo mbalimbali, na lililofaulu lilikuwa na kimo cha sentimita 10 tu, lakini upana wake, yaani kutoka gurudumu linapopanda hadi linaposhuka, ulikuwa mita 3.7. Mwenye mwendo wa pole halimsumbui. Mwenye haraka humrusha kitini.

Afadhali kuanza kama walivyoanza Dar es Salaam. Mwalimu mkuu na kamati ya wazazi waulize kila darasa ni nani aliyegongwa au kuponea chupuchupu katika miezi 12 iliyopita, mahali gani na saa ngapi. Wachore ramani ya mkono. Mzazi mmoja asimame langoni siku tatu, saa ya kuingia na ya kutoka, ahesabu watoto wanaovuka. Karatasi mbili zenye takwimu hizo zina uzito kuliko maandamano, na zitahitajika tena tuta likishajengwa, ili ijulikane kama limefanya kazi.

Kisha ni lazima ujue barabara ni ya nani. Barabara kuu za taifa ziko chini ya KeNHA, za mijini zilizo chini ya serikali kuu ni za KURA, za mashambani ni za KeRRA, na vijia vya mitaani aghalabu ni vya serikali ya kaunti. Barua ikienda kwa asiyehusika itakaa kwenye faili. Omba kivuko na tuta kwa pamoja, kwa kuwa kivuko cha rangi pekee, mahali magari yanapokwenda mbio, humpa mtoto imani ambayo dereva hana habari nayo. Na uulize mapema ni nani atakayeipaka rangi upya, maana mvua za Aprili hazichelewi kuifuta.